Kuna Kuimba na Kuna Kuimbisha

Chukua uwanja wa mpira uliojaa. Mwimbaji yuko jukwaani upande wa goli moja, na shabiki wa mwisho kabisa yuko mita 150 mbele yake. Sauti hewani huenda takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo neno lililotoka kwenye spika za jukwaani litamfikia yule wa nyuma baada ya karibu sekunde 0.44. Akipiga kofi papo hapo, kofi nalo linahitaji muda uleule kurudi. Kama wimbo unakwenda mapigo 120 kwa dakika, kofi hilo linatua masikioni mwa mwimbaji likiwa limechelewa karibu mapigo mawili. Sasa mwambie aende sawasawa na mpiga dramu wake huku watu elfu sabini wakimpigia makofi ya jana.

Naanzia hapo kwa sababu mijadala mingi kuhusu waimbaji wa roki huanzia pasipofaa. Watu huhesabu oktavu, yaani mafungu ya noti nane nane ambayo sauti ya mtu inayafikia. Fulani ana tatu, fulani ana nne, kana kwamba koo ni ngazi na mshindi ni aliyepanda vidato vingi. Oktavu ni jambo la studio, mahali ambapo mtu anaweza kurudia mstari mmoja hadi fundi mitambo achoke, kisha wakachagua neno moja huku na jingine kule. Jukwaani hakuna kurudia. Swali la jukwaani ni jingine kabisa: huyu anaimba tu, au anaimbisha?

Tarehe 13 Julai 1985, bendi ya Queen ilipanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, katika uwanja wa Wembley, London. Walikuwa na dakika ishirini hivi, jua bado halijazama, kwa hiyo hata taa hazikuwa na la kuwasaidia, na mbele yao watu wapatao 72,000 waliokuja kuona bendi chungu nzima. Katika wimbo wa pili, mwimbaji wao Freddie Mercury anawapata watu kwa mikono: kila kiitikio kinapofika, umati mzima unapiga makofi mawili juu ya kichwa. Ni ujanja mzuri, maana mikono huonekana papo hapo. Macho hayachelewi kama masikio.

Wimbo ukiisha anafanya kitu kikubwa zaidi. Bendi inanyamaza, naye anaanza kuita peke yake. Anaita, ananyamaza, uwanja unaitika. Anapanda kidogo, wanapanda. Anapindapinda sauti, nao wanajaribu kuipinda, wanakosea, wanacheka. Kisha anavuta noti moja ndefu mno, nao wanaivuta. Kila aliyeitazama picha ile huisifu ile noti ndefu. Mimi huvisifu vimya vilivyo katikati. Hakuna dramu wala gitaa, kwa hiyo hakuna pigo la kuchelewa. Ameondoa kitu kilekile ambacho umbali ungekiharibu. Anangoja hadi mwitikio wa watu wa nyuma kabisa umfikie na utulie, ndipo aite tena. Kama alifanya hivyo kwa hesabu au kwa mazoea tu ya viwanja vikubwa, kwangu ni mamoja. Alikuwa anasikiliza.

Huko ndiko kuimbisha. Anayeimba anatoa sauti yake na kazi imekwisha. Anayeimbisha anatoa, anangoja, anapokea, kisha anaamua atoe nini tena kwa kutazama alichopokea. Kazi hiyo hufanywa na sikio zaidi ya koo, na ndiyo maana mtu mwenye koo la ajabu anaweza kuwa mwimbaji wa jukwaani wa kawaida mno.

Mercury mwenyewe, mzaliwa wa Unguja, ni ushahidi dhidi ya hesabu ya vidato. Watafiti wa sauti waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2016 waliona kwamba sauti yake ya kuongea ilielekea kwenye baritoni, sauti ya kiume ya katikati, ingawa dunia ilimjua kwa kuimba kama teno, sauti ya kiume ya juu. Ukilinganisha rekodi zake za studio na za matamasha, mara nyingi utamkuta akiikwepa noti ya juu na kuweka nyingine chini yake inayokaa vizuri tu, au akimwachia mpiga dramu Roger Taylor azipande zile za juu. Alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na kesho yake kulikuwa na mji mwingine unaomsubiri. Mpenda oktavu atasema jamaa alikwepa. Nami nasema alijua lipi la kutumia leo na lipi la kuweka.

Kuna jambo jingine la Queen ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Ile sehemu ya opera katika Bohemian Rhapsody ilijengwa studio kwa sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Watu wanne hawawezi kuiimba usiku mmoja jukwaani. Wangeweza kusimama pale na kuchezesha midomo. Badala yake walikuwa wakishuka jukwaani, kanda inapigwa, taa zinacheza, kisha wanarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Waliuambia umati wazi: hii hatuiwezi, hii ni kanda, sisi tunarudi sasa hivi. Umati uliwapenda zaidi. Linganisha na msanii anayefungua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, halafu anaishusha maiki wakati neno bado linaendelea. Ukishamwona mara moja, humwamini tena hata anapoimba kweli.

Turudi kwenye sikio, maana hapa ndipo penye utamu. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga katika Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Sauti zao zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, vile vya kumtangaza mchezaji anayeingia. Hapakuwa na spika za kuwarudishia sauti zao wenyewe, zile tunazoziita monita. Watu wanne, wanaimba kwa kupatana, na hakuna anayesikia anachoimba kwa sababu ya mayowe. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, walifanya tamasha la mwisho la ziara zao San Francisco na hawakurudi tena barabarani. Sababu zilikuwa nyingi, lakini bendi iliyojifunza kazi kwenye vilabu vidogo vya Hamburg, wakisikilizana pumzi kwa pumzi, ilikuwa imefikishwa mahali ambapo kusikilizana hakuwezekani.

Mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Ni vigumu kuliamuru lisitokee. Sikio likizidiwa, koo linajibu lenyewe. Nalijua kwa gharama. Niliwahi kuimba miaka michache kwenye bendi ambayo haikufika popote, na kila shoo hadithi ilikuwa moja: mpiga gitaa anaongeza sauti kidogo, dramu inamfuata, mimi nasukuma. Wimbo wa nne shingo imekaza kama kamba ya mtumbwi. Wimbo wa saba hakuna kitu, hewa tu. Nilidhani sina koo. Siku moja fundi mitambo mzee, ambaye hakuwa na subira nasi, aliigeuza monita ikanitazama usoni na kumpunguza mpiga gitaa bila kumwomba ruhusa. Nikaimba shoo nzima. Koo lilikuwa lilelile.

Siku hizi waimbaji wengi huvaa vile vifaa vidogo vya masikioni vinavyoziba kelele ya nje na kuwaletea sauti yao safi. Koo limepata nafuu kubwa. Lakini sikio lililozibwa haliwasikii watu waliolipa kiingilio, na ndiyo sababu utamwona mwimbaji katikati ya wimbo akichomoa kimoja na kukiacha kinaning'inia shingoni. Anataka kujua kama wapo. Mafundi wamejaribu kuziba pengo kwa kuweka maiki zinazoelekea kwenye umati na kumrudishia mwimbaji kelele hiyo kwa kipimo. Inasaidia, ila ni kama kumsikia jirani kupitia ukuta.

Koo nalo lina haki yake, nisije nikaonekana nalidharau. Mtu akiimba noti ya A iliyo juu ya C ya kati, nyuzi zake za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Zidisha kwa saa mbili za shoo, hata ukitoa mapumziko na sehemu za gitaa, utapata migongano mamia ya maelfu kwa usiku mmoja, nayo juu ya nyama laini isiyozidi urefu wa kucha ya kidole gumba kwa sana. Ule mkwaruzo tunaoupenda kwenye roki, ukifanywa vibaya, unaisugua nyama hiyo moja kwa moja. Wanaodumu wamejifunza kuupata mkwaruzo juu kidogo, kwenye mikunjo mingine iliyo juu ya nyuzi zenyewe, na kuziacha nyuzi zifanye kazi yake bila kukabwa. Kwa msikilizaji ni ukali uleule. Kwa koo ni tofauti ya kuimba miaka mitatu na kuimba thelathini.

Na hata hivyo hakuna dhamana. Mwimbaji Jon Bon Jovi alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 2022. Steven Tyler, mwimbaji wa Aerosmith, aliumia sauti Septemba 2023, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kwamba ziara zimekwisha. Siku ileile ya Live Aid, upande wa pili wa bahari katika jiji la Philadelphia, watu waliobaki wa Led Zeppelin walipanda jukwaani pamoja baada ya miaka. Mwimbaji wao Robert Plant, mmoja wa makoo makubwa kabisa ambayo roki imewahi kuyapata, sauti ilikuwa imekauka, mazoezi hayakutosha, na ala hazikupatana. Bendi yenyewe ilikataa onyesho lile lisitiwe kwenye DVD ya tamasha. Queen walikuwa wamejifungia siku kadhaa kabla yake kuzifanyia mazoezi zile dakika ishirini. Sisemi mazoezi yangemponya Plant sauti. Nasema bendi iliyosikilizana wiki nzima humfunika mwenzao aliyeamka na koo bovu, na bendi isiyosikilizana humwanika.

Hapo pia ndipo ninapotofautiana na mashabiki wanaolalamika bendi kongwe zinaposhusha gitaa nusu toni au toni nzima ili mwimbaji azifikie noti. Acha zishuke. Wimbo ulioshushwa na kuimbwa kwa moyo unanifaa kuliko wimbo ulio kwenye ufunguo wa asili ambapo nakaa nimeshika roho nikingoja kama babu atafika.

Kuhusu maiki nitakuwa mfupi. Ni ala, si nguzo ya kushikilia. Ukiisogeza karibu na midomo, sauti nzito huongezeka na mnong'ono unafika mpaka ukuta wa nyuma. Ukipiga yowe, unairudisha nyuma kidogo ili spika zisichane masikio ya watu. Ukikifunika kichwa chake kwa kiganja, kama wengi wanavyofanya kwa sababu inapendeza kwenye picha, unakiharibia uwezo wa kuchagua sauti ya mbele na ya pembeni, na mlio ule wa filimbi unaanza kulia. Roger Daltrey wa The Who aliizungusha maiki hewani kwa waya wake kama kombeo kwa miaka na miaka, na ilipofika zamu ya neno lake ilikuwa mkononi. Mimi hutazama mkono wa mwimbaji kabla ya uso wake.

Watakaosoma hadi hapa watauliza: na hisia je? Roki si hesabu ya sekunde na vinundu. Kweli. Basi tumtazame Janis Joplin katika tamasha la Monterey, California, Juni 1967. Alikuwa bado hajulikani nje ya San Francisco. Anaanza wimbo wa taratibu karibu na kunong'ona, mguu mmoja ukigonga sakafu, kisha ndani ya mstari mmoja anapanda hadi kwenye ukelele uliochanika pande zote mbili. Kamera inamkuta Cass Elliot, mwimbaji mwenzake aliyekaa kwenye viti vya mbele, mdomo wazi, akitamka neno la mshangao bila sauti. Ukitazama picha hiyo utaapa kwamba unamwona mtu akipasuka moyo kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Ila haikuwa mara ya kwanza. Bendi yake ilikwishapiga Jumamosi mchana, na haikurekodiwa kwenye filamu kwa sababu meneja wao alikataa. Walivyowatikisa watu siku ile, wakapewa nafasi nyingine Jumapili ili kamera ziwapate. Tunachokitazama ni mara ya pili. Yaani aliuendea tena ule moyo uliopasuka, siku ya pili yake, akijua kabisa kamera zinamngoja, akaupata. Hilo halinipunguzii machozi, linaniongezea heshima. Hisia isiyoweza kuitwa usiku wa pili ni ajali. Yake ilikuwa kazi.

Na kuna usiku ambapo kazi inagoma. Desemba 10, 2016, Patti Smith alisimama Stockholm mbele ya familia ya kifalme, wasomi na okestra, kuimba wimbo wa Bob Dylan kwenye hafla ya Tuzo za Nobel ambayo Dylan hakuhudhuria. Ubeti wa pili maneno yakamkimbia. Mwanamke aliyekuwa jukwaani tangu miaka ya sabini, kipenzi cha punk nzima, ile roki ya fujo na ya haraka, amesimama kimya na okestra inaendelea. Angeweza kumung'unya sauti hadi kiitikio kifike; wengi hatungegundua. Alisimama, akaomba radhi, akasema ana wasiwasi mwingi, akaomba waanze tena. Ukumbi ukampigia makofi. Kuanzia hapo aliimba vizuri kuliko alivyoanza, na nadhani najua sababu: kabla ya kukwama alikuwa akiimba mbele yao, na baada ya kukwama alikuwa akiimba nao. Dave Grohl wa Foo Fighters naye alianguka kutoka jukwaani Gothenburg Juni 2015 akavunjika mguu mwanzoni mwa shoo, akarudi na kuimalizia akiwa amekaa kitini. Ule ulikuwa ushujaa, sawa, lakini wa Patti Smith naona ulikuwa mgumu zaidi. Mguu uliovunjika hausemi lolote kuhusu uimbaji wako.

Nadharia yangu ina mwiba mmoja, naye anaitwa Liam Gallagher, mwimbaji wa Oasis. Mikono nyuma, maiki imewekwa juu kidogo kuliko mdomo, shingo imenyooshwa, hachezi, haongei na watu ila akitaka kuwatukana. Hafanyi lolote kati ya haya niliyoyasifu. Na bado Agosti 1996, katika viwanja vya Knebworth, Uingereza, Oasis waliimba siku mbili mbele ya watu 250,000 kwa jumla na hakuna aliyemwondolea macho. Nimejaribu kujieleza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba viitikio vya bendi ile viliandikwa vikiwa na nafasi ya umati ndani yake tayari, kwa hiyo yeye hahitaji kuwaimbisha, wimbo unawaimbisha. Ya pili ni kwamba kusimama kama nguzo mbele ya kelele ile nako ni namna ya kuisikiliza. Ya kwanza naiamini. Ya pili nusunusu, na sitajitia kujua zaidi.

Nimalizie na mtu aliyekuwa amekaa kitako. Novemba 18, 1993, New York, bendi ya Nirvana inarekodi kipindi cha televisheni ya MTV cha ala zisizo za umeme. Ukumbi mdogo, mishumaa, maua. Umbali wa kuchelewesha makofi haupo. Wimbo wa mwisho ni wa asili, wa zamani, ambao mwimbaji wao Kurt Cobain aliupata kupitia Lead Belly, mwimbaji wa zamani wa blues. Beti za mwanzo anaziimba chini, kama mtu anayeongea na mtu mmoja. Ubeti wa mwisho anaupandisha oktavu nzima, na sauti inachanika. Karibu na neno la mwisho ananyamaza ghafla. Wenzake wananyamaza naye. Anavuta pumzi inayosikika, anafungua macho, na kwa muda usiofika sekunde mbili anatazama mbele kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kuna watu. Kisha anamalizia mstari.

Watayarishaji walimfuata wakamwomba arudi aongeze mmoja. Akakataa.